Pangaboi Kubwa la Sostenes

Sostenes ni mtu wa kupenda sifa, na nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani namsengenya. Mwenyewe anajua. Ukimwambia baiskeli aliyokutengenezea inakwenda vizuri, atakuhadithia tangu alivyolitoa tairi mpaka alivyokaza nati ya mwisho, na chai yako itapoa mkononi. Ni fundi baiskeli, fundi redio, fundi wa kuchomelea mageti, na kwa kitongoji chetu hiki, mbele kidogo ya stesheni ya Zuzu ukifuata reli, ndiye fundi wa kila kitu. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga wake alipomwoa Penina, kwa hiyo nina haki ya kumsema na nina wajibu wa kumtetea. Katika habari hii sijui nitafanya lipi zaidi.

Upepo wetu mnaujua ninyi mliowahi kupita huku mwezi wa nane. Mtama ukishavunwa unaanza kuvuma kutoka mashariki, unabeba vumbi, unaingia kwenye uji, unaingia machoni, unang'oa mabati ya mtu aliyepigilia kwa haraka. Miaka yote tuliutukana tu. Nguzo za umeme zilikuwa zimefika senta, penye maduka na zahanati, lakini kitongoji chetu kilikuwa bado kinasubiri. Siku moja Sostenes akaona kwenye simu ya mtu video ya watu wanaotengeneza umeme kwa upepo. Akarudi nyumbani, akapasua bomba la plastiki akapata mapanga matatu, kila moja urefu wa mkono wa mtu mzima, akayafunga kwenye dinamo aliyoitoa katika mashine iliyokufa, akakisimika kile kidude juu ya nyumba yake. Tulimcheka sana. Jioni taa ikawaka. Tukaacha kumcheka, tukaanza kumpelekea simu zetu azichaji, na jina likazaliwa hapo hapo: pangaboi la Sostenes.

Sasa lazima niwaeleze habari za mama yake Penina, Bibi Loisi, maana bila yeye hakuna habari hapa. Trakoma ilimmaliza macho wakati Penina bado msichana. Anaishi peke yake kwenye tembe lake, nyumba ya udongo ya paa bapa, juu ya mwinuko ng'ambo ya shamba la Sostenes, na hataki kusikia mambo ya mabati. Nikisema peke yake nina maana peke yake. Alikuwa anakamua ng'ombe wake mwenyewe, anakwenda kisimani mwenyewe, Jumapili anakwenda kanisani na kurudi, na hakuna aliyemshika mkono. Wapo waliojaribu. Mara ya kwanza alijitoa kwa upole. Waliorudia waliionja fimbo.

Njia zake zote zilikuwa masikioni. Zizi alilijua kwa kengele ya ng'ombe wake, Mabaka. Kisima alikijua kwa ndoo za wanawake. Reli ilimwambia kusini ni wapi, na mlango wake aliujua kwa mlio mdogo wa upepo unaopita kwenye tundu la ukuta wa tembe. Alikuwa anasimama uani, anainua uso kidogo, anatulia, kisha anaondoka moja kwa moja kama mtu aliyeitwa. Kutoshikwa mkono ndiyo mali aliyobaki nayo duniani, na kila mtu hapa kwetu aliiheshimu.

Na kwetu mkwe ni mkwe. Sostenes haingii ndani ya tembe la mama mkwe wake, hali naye chakula, hamtaji hovyo mbele za watu. Wakikutana njiani anampisha, anachuchumaa pembeni, anatazama chini na kutoa shikamoo kwa sauti ndogo, ingawa yule anayeinamiwa haoni kama ameinamiwa. Likiwepo neno linapitia kwa Penina. Mama naye ana mipaka yake: mkwe hamkatalii jambo, wala hamkosoi, wala hamlalamikii, maana akifanya hivyo amemvua nguo mume wa binti yake. Ni heshima nzuri na mimi nimeishi nayo. Ila chini ya heshima hiyo mtu anaweza kukanyagwa mguu msimu mzima na asipige kelele.

Basi sifa za pangaboi zikafika mpaka chuo kikuu huko Dodoma mjini. Akaja binti mmoja, Hamida, mtu wa Kondoa, anayesomea mambo ya nishati. Hakuja na maringo. Alitusalimia wote kwa adabu, shikamoo moja moja, akazunguka nyumba akikitazama kile kidude, akatabasamu, kisha akachuchumaa vumbini na kuchora duara kwa kijiti.

"Fundi, upepo unaovuna ni ule unaopita ndani ya hili duara ambalo mapanga yanalifagia," alisema. "Sasa ukilifanya panga liwe refu mara mbili, duara haliwi kubwa mara mbili. Linakuwa kubwa mara nne. Na umeme, kama upepo ni ule ule, nao unakaribia mara nne."

"Mara nne!" Sostenes alisimama wima.

"Mara nne. Na ukiupandisha mnara unapata upepo wenye nguvu zaidi, kwa sababu huku chini nyumba na miti vinauvunja. Lakini nisikilize fundi wangu. Kubwa lina mambo yake. Lina kelele, lina kivuli, linapiga ndege na popo. Ndiyo maana ile mitambo mikubwa kabisa inakaa mbali na makazi. Ukiamua kutengeneza kubwa, lipeleke kule kwenye mawe karibu na reli. Waya utakuwa mrefu, na umeme kidogo utapotea njiani, lakini litakaa bila kumkera mtu."

Ningependa kuwaambia kwamba Sostenes alisikia maneno yote. Alisikia mara nne. Wiki nzima iliyofuata hakuwa na neno jingine mdomoni. Hata ukimuuliza habari za asubuhi anakujibu kwa maduara. Yale mawe ya kule relini aliyakataa siku ile ile. Waya ni mrefu mno, alisema, na kwa nini apoteze umeme njiani wakati mwinuko uko hapa hapa, mlangoni, na upepo wote wa Ugogo unapita juu yake? Mwinuko wenyewe ulikuwa uani kwa Bibi Loisi.

Akamtuma Penina kuomba. Jibu likarudi: "Mwambie mkwe wangu aweke pale anapoona panafaa."

Angejibu nini kingine? Niliposikia jibu lile nilijua ni la heshima tu, na naamini hata Sostenes, kama angekaa kimya kidogo, angejua. Lakini alishakuwa na haraka. Akalichukua kama baraka, akalitangaza senta nzima kwamba mama mkwe ametoa ardhi kwa ajili ya maendeleo.

Kazi ile ilimchukua msimu wote wa mvua. Alichonga mapanga ya mbao, kila moja refu kumzidi yeye mwenyewe kwa mbali. Aliunganisha mabomba ya chuma yakawa mnara unaopita mti wowote wa kitongoji. Kile kidude cha kwanza akakishusha juu ya nyumba na kukivunja, akachukua vipuri vyake. Tukaja wanaume na kamba, tukausimamisha mnara huku tukiimba. Upepo wa kwanza wa kiangazi ulipokuja, mapanga yakaanza kuzunguka, kwanza polepole, kisha yakakolea, na jioni ile kila nyumba ya kitongoji ikawa na taa. Penina akapata friji. Tukanywa soda baridi kwa mara ya kwanza bila kutembea mpaka senta. Tulifurahi, sitawadanganya.

Ila lilikuwa na sauti. Kila panga likishuka mbele ya mnara lilikuwa linapiga hewa, wuu, wuu, wuu, na chini ya sauti hiyo kulikuwa na mngurumo wa chuma usiokatika. Sisi wa nyumba za mbali tulizoea. Kuku wa Penina hawakuzoea. Asubuhi, jua likiwa nyuma ya mapanga, kivuli kilikuwa kinakatiza uani kwake, nao wanakimbilia chini ya ghala wakidhani ni mwewe, wanatoka, kinapita tena, wanakimbia tena, mpaka wakaacha kutaga. Chini ya mnara tulikuwa tunaokota popo waliokufa. Sostenes aliwafukia mwenyewe mapema, kabla watu hawajaamka, na ukimuuliza anakuambia popo wako wengi.

Na Bibi Loisi akapotea. Hakuonekana tena kisimani. Maji akawa anapelekewa na Penina. Ng'ombe akakamuliwa na Penina. Jumapili ya kwanza hakuja kanisani, na ya pili, na zilizofuata. Tukiuliza, Penina anajibu, "Mama hajisikii vizuri," huku anatazama pembeni. Sostenes yeye alikuwa na maelezo yake. "Mama anapumzika," alisema. "Kazi amefanya sana. Sasa hivi maendeleo yamemfikia, kuna haja gani ya kuhangaika?"

Mwezi wa nane wakaja wageni. Hamida alikuwa amerudi na mwalimu wake na wanafunzi wenzake, na watu wa halmashauri wakaona wasipitwe. Tulifunga turubai pale mwinukoni, tukapanga viti, Penina na wanawake wenzake wakawa jikoni tangu alfajiri. Hamida aliposhuka kwenye gari akaliona pangaboi lilipo, akaliona na tembe lilipo, uso wake ukabadilika. Alianza kumfuata Sostenes, lakini Sostenes alishavaa koti la kuazima na kusimama mbele ya watu.

"Mbukwenyi!" alipiga salamu ya kwetu, nasi tukaitika. Upepo ulikuwa mkali siku ile, ikabidi apaze sauti ili asikike juu ya kazi yake mwenyewe. Akaeleza duara. Akaeleza mara nne. Watu wakapiga makofi.

Wakati huo saa ya kukamua ilikuwa imepita. Penina alikuwa na masufuria ya wageni, na ndama wa Mabaka alikuwa analia njaa. Mlango wa tembe ukafunguka, Bibi Loisi akatoka na kibuyu chake cha maziwa.

Alisimama, akainua uso kama alivyozoea. Alikaa vile muda mrefu. Kisha akaanza kutembea, mkono mmoja mbele, na alikuwa anakwenda upande ambao siyo. Zizi lilikuwa nyuma yake. Alipita mbele ya mlango wake mwenyewe, akazunguka, akaja moja kwa moja kwetu, tuliokaa kwenye viti na nguo zetu za Jumapili. Hakuna aliyeinuka. Mkono wake ukagusa chuma cha mnara. Akakishika, akakipapasa juu na chini kama mtu anayepapasa nguzo ya zizi, akachuchumaa, akaweka kibuyu chini.

"Mabaka," aliita. "Simama, Mabaka. Simama, mama."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Wa pili akafuata. Sostenes alisimama pale mbele na koti lake, macho yote yamemgeukia, na badala ya kunyamaza akaona aokoe hali.

"Jamani msishangae," alisema. "Mama mkwe amekuja kukamua umeme!"

Turubai zima lilicheka. Walicheka wa halmashauri, walicheka wanafunzi, tulicheka wa kitongoji, na yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, kichwa kikienda nyuma.

Hamida alikuwa ameshafika mbele. "Yule mama haoni?" aliuliza.

"Haoni, lakini ameshazoea. Yeye anaongozwa na masikio tu."

"Zima."

"Dada yangu, wageni ndiyo kwanza..."

"Fundi, nakuomba. Zima mtambo."

Sostenes akaenda, akavuta kamba ya breki. Mapanga yakapunguza, yakapunguza, yakasimama. Sijui niwaeleze vipi ule ukimya. Tulikuwa tumesahau kwamba kuna kitu kinaitwa kimya. Tukasikia majani. Tukasikia sufuria jikoni kwa Penina, ng'ambo ya shamba. Na nyuma yetu, kutoka zizini, tukasikia kengele ya ng'ombe.

Mkono wa Bibi Loisi ulisimama juu ya chuma. Akageuza uso. Kisha akaokota kibuyu, akanyanyuka, akapita katikati ya viti vyetu bila kugusa hata kimoja, akaenda mpaka zizini, akafungua, akaingia.

Hakuna aliyecheka. Sostenes alibaki ameshika ile kamba. Nimemjua tangu anajifunza kutembea, na sijawahi kumwona na uso ule. Nilitamani nimvue lile koti nimfunike nalo. Wageni walikula haraka haraka na kuondoka, na pangaboi halikuwashwa tena mbele yao.

Penina hakungoja jioni. Alikuja kutoka jikoni na mikono ya majivu, mimi nikiwa bado nakunja turubai.

"Umemtaja mama yangu mbele za watu," alisema. "Umemfanya kichekesho."

"Mke wangu, sikujua kama anapata tabu. Ungeniambia!"

"Alinikataza. Alisema nikikwambia nitakuwa nimekuaibisha katika kazi ya mikono yako. Kile kidogo alikipenda, unajua? Kilikuwa kinalia juu ya nyumba yetu kama panzi. Alikuwa anakifuata mpaka mlangoni kwangu. Ulipokivunja hakufika tena kwangu, na wewe hata siku moja hukuuliza. Unajua amejigonga mara ngapi? Nenda katazame njia yake ya zizini, fundi. Nenda katazame kwa hayo macho yako."

Alikwenda, nami nikamfuata. Mnara ule ulishikiliwa na nyaya za chuma zilizofungwa ardhini pande zote, na mmoja wa nyaya hizo ulikatiza njia ya Bibi Loisi ya zizini, kwenye usawa wa goti. Sostenes alikuwa ameufunga vitambaa vyekundu yeye mwenyewe, ili watu wauone wasijikwae. Alivitazama vile vitambaa vikipeperuka. Akakaa chini, akajifunika uso.

Ili msiwe na shaka, niwaambie kabisa: pangaboi kubwa halipo tena pale. Hamida alirudi akasaidia kupima, na sasa liko kule kwenye mawe karibu na reli, alikosema tangu mwanzo. Waya ni mrefu, umeme umepungua, friji ya Penina inapata zamu yake kama wengine. Kuku wanataga. Popo bado tunawaokota, ingawa wachache. Juu ya nyumba ya Sostenes kuna kidogo kingine cha bomba la plastiki. Bibi Loisi anakwenda kisimani na kanisani mwenyewe, lakini siku hizi akifika penye watu anasimama kwanza na kuuliza, "Nani yupo hapo?" Zamani hakuwa anauliza.

Kabla ya kuhamisha kitu chochote, Sostenes alitaka kuomba radhi, na kumwomba radhi mama mkwe ni jambo lenye taratibu zake. Tulikwenda asubuhi yeye na mimi, mshenga wake, na mbuzi. Tuliketi uani mbali na mlango, yeye nyuma yangu kidogo, macho chini. Bibi Loisi akatoka, akaketi kwenye kigoda chake. Nikasema maneno yote yanayosemwa, kwamba kijana wako amekosa, kwamba ameona, kwamba mnara unaondoka. Nilisema vizuri, kazi hii naijua.

"Nimesikia," alisema Bibi Loisi. "Sasa wewe mshenga nyamaza. Nataka kumuuliza mwenyewe."

Nikageuka kumtazama Sostenes. Tangu aoe, yule mama hakuwahi kumsemesha ana kwa ana.

"Siku ile lile lidude lilikuwa limenijaa masikioni," aliendelea. "Niliposhika kile chuma kuna kitu kilisikika nyuma ya ule mngurumo, sikukijua ni nini. Nimemuuliza Penina, anasema hakikuwa kitu. Nimewauliza wanawake wanaopita hapa, nao hivyo hivyo. Watu walicheka?"

Kazi ya mshenga ni kulainisha, na mimi nilishafungua mdomo niseme hapana. Sostenes akanishika bega.

"Walicheka, mama."

"Wote?"

"Yule binti wa Kondoa hakucheka."

"Na wewe?"

Angeweza kusema uongo. Hakuna mtu wa kitongoji hiki ambaye angemsaliti, hata Penina.

"Mimi ndiye niliyewachekesha, mama."

Bibi Loisi aliinua uso. "Uliwaambia nini?"

Sostenes akayarudia yale maneno, yote, kwa sauti ndogo, neno kwa neno kama alivyoyasema siku ile.

Mama yule akainuka, akashika ukuta, akaingia ndani na kufunga mlango. Mbuzi alikuwa bado amefungwa pale. Nilimwambia Sostenes tuondoke, nikamwambia tena, lakini hakuinuka.